Kumtembelea na kuwasiliana na mtu aliyeko Chuo cha Mafunzo, Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni msaidizi wa sheria katika shehia yetu. Si wakili, wala si askari. Maswali haya naulizwa barazani, kwenye simu usiku, na nje ya mahkama Vuga. Wengi wanaouliza ni akina mama, na takriban wote huanza kwa sauti ya chini: "Mwanangu kapata mtihani." Nimeyapanga kuanzia yale ya siku ya kwanza mpaka yale yanayomfika mtu mara moja katika umri wake.

## Yuko wapi hasa?

Amekamatwa jana usiku. Niende Chuo cha Mafunzo cha Kilimani?

Hapana, bado. Aliyekamatwa huanzia kituo cha polisi: Madema, Ng'ambo, Malindi, Mwera, Mahonda, au kwa upande wa Pemba, Madungu, Wete, Mkoani, Konde. Anzia kituo cha karibu na pale alipokamatwa. Jeshi la Polisi ni chombo cha Muungano, na Chuo cha Mafunzo, yaani jela yetu, ni idara maalum ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ni milango miwili yenye madaftari mawili, na askari wa mlango mmoja hajui nani kalala nyuma ya mlango wa pili.

Ukifika kaunta, salimia, taja jina lake kamili, kisha uliza mambo matatu: anatuhumiwa kwa kosa gani, nani anapeleleza kesi yake, na lini anapelekwa mahkamani. Andika majibu palepale. Utaratibu ni kufikishwa mahkamani ndani ya saa 24, au mapema kadiri inavyowezekana. Hakimu akimnyima dhamana, au dhamana ikikosa wadhamini, hapo ndipo hupelekwa Chuo kwa hati ya mahkama.

Chuo cha Mafunzo ndiyo jela? Na kwa nini wanamwita mwanafunzi?

Ndiyo. Bara wanasema gereza na mfungwa, sisi tunasema Chuo cha Mafunzo na mwanafunzi. Wazee bado wanaiita ile ya mjini Kiinua Miguu. Jina la Chuo lilikuja baada ya Mapinduzi, na sheria yake ya mwaka 1980 yenyewe inazungumzia elimu ya wahalifu, maana lengo lililotajwa ni kumfunza mtu akatoka na kazi mkononi.

Jambo moja la kushika: "mwanafunzi" ni yule aliyekwishahukumiwa. Anayesubiri kesi ni mahabusu, na watu husema yuko rumande. Ukiulizwa getini unamtaka nani, jibu lako litaamua daftari gani lifunguliwe. Mahabusu hajahukumiwa kwa lolote, na haki zake ni pana zaidi, kama utakavyoona kwenye swali la chakula.

Kijana mmoja aliniuliza kama kaka yake angepelekwa Kisiwa cha Changuu, kwa kuwa watalii wanakiita kisiwa cha jela. Hapana. Jengo lile lilijengwa miaka ya 1890 kwa nia ya kuwa jela, lakini likaishia kuwa karantini ya wagonjwa. Leo kule kuna makobe.

Nitajuaje amepelekwa kituo gani?

Kuwa mahkamani siku anayosomewa shitaka. Hakuna njia ya uhakika zaidi. Kama hukuwepo, nenda kwa karani wa mahkama hiyo na namba ya kesi. Kwa Unguja, wengi hupelekwa Kilimani. Ukitoka Mnazi Mmoja ukapita Maisara, ni mwendo wa miguu tu. Kwa Pemba kuna Wete na Tungamaa. Mtu anaweza pia kuhamishwa baadaye. Tazama swali la kuhamishwa, sehemu ya mwisho.

Wameniambia jina lake halipo. Nifanye nini?

Usiondoke. Mara nyingi yupo, ila jina ndilo lililopotea njia.

Nilimsindikiza mama mmoja aliyekuja na bakuli la tambi, kalifunga kwa kipande cha kanga, mafundo mawili juu. Askari alipitisha kidole kwenye daftari kutoka juu mpaka chini, akageuza ukurasa, akarudi tena mwanzo. Hayupo. Mama akaketi ukingoni mwa barabara na bakuli mapajani, akidhani mwanawe kafa na watu wanamficha. Kumbe alimtaja kwa jina la nyumbani, lile alilopewa na bibi yake siku ya arubaini. Hati ya mahkama ilikuwa na majina matatu: lake, la baba na la babu. Tulipoyataja hayo, kidole kilisimama kwenye mstari wa nne.

Majina yetu yanazunguka. Ali Juma Ali na Juma Ali Juma wanaweza kuwa chumba kimoja. Kwa hiyo njoo na majina matatu kama yalivyo kwenye hati ya mashtaka, namba ya kesi, jina la mahkama, na tarehe aliyopelekwa. Na kama polisi walimwandika vibaya, mtajie askari na hilo jina la makosa, maana ndilo litakalokuwepo daftarini.

## Siku ya kwenda

Niende siku gani?

Kila kituo kinapanga siku zake, na siku za mahabusu si lazima ziwe za wanafunzi. Usifuate siku aliyokwambia jirani ambaye mumewe alitoka mwaka juzi. Kabla hujapanda daladala kutoka Makunduchi au Nungwi, mtume mtu aliyeko mjini apite getini siku moja kabla, aulize siku, saa, na wageni wangapi wanaruhusiwa kwa mara moja. Wakati wa Ramadhani, sikukuu za Idd na sherehe za Mapinduzi, uliza upya hata kama ulikwenda wiki iliyopita.

Fika mapema. Foleni ikikatwa saa ya mwisho, hakuna atakayekuhurumia kwa sababu umetoka mbali.

Nichukue karatasi gani?

Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, au kitambulisho kingine cha serikali chenye picha. Kama huna, au kama majina yenu hayaonyeshi udugu, pitia kwa sheha wako, kiongozi wa shehia, akuandikie barua: nani wewe, unakaa wapi, nani wako. Mke ambaye cheti cha ndoa kimepotea, mjomba aliyemlea, mama wa kambo, nyote barua hii itakufaeni.

Nitapekuliwa? Nivae vipi?

Utapekuliwa wewe na mfuko wako. Mwanamke apekuliwe na askari mwanamke, na ukiona sivyo, omba kwa upole aitwe. Vaa nguo ya heshima isiyo na mifuko mingi, buibui au dera na mtandio vinatosha. Simu, kisu cha matunda, kiberiti na sigara viache nyumbani au kwa mtu nje. Ukikutwa na simu ndani, hasara humwangukia yeye aliyebaki, si wewe unayerudi kwenu.

Tutazungumza muda gani, na tuzungumze nini?

Muda ni mfupi, na askari atakuwa karibu anasikia. Kwa hiyo habari za kesi zisizotakiwa kusikika mwachie wakili wake: mazungumzo ya wakili na mteja yanaweza kuangaliwa kwa macho, lakini hayasikilizwi.

Panga kichwani mambo yako kabla hujaingia. Anza na afya yake: mtazame macho, midomo, mikono, namna anavyosimama. Uliza tarehe ya mahkama. Halafu mpe habari za nyumbani, hata zile ndogo: mbuzi kazaa, bati la jikoni limezibwa, mtoto kaanza darasa la pili. Nimeona watu wazima wakicheka kwa habari ya mbuzi na machozi yanawatoka. Madeni na ugomvi wa mirathi si vya siku ya kwanza.

Nimchukue mtoto akamwone baba yake?

Kama kituo kinaruhusu, mimi nasema ndiyo, ila mwambie ukweli njiani kwa maneno ya umri wake. Mtoto aliyedanganywa kuwa baba yuko safari, akaja kusikia skuli kutoka kwa mwenzake, huyo huumia mara mbili. Chukua cheti cha kuzaliwa.

Naona haya kwenda. Watu watanionaje?

Swali hili huja mwisho, mtu akiwa keshasimama kuondoka, na ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Nenda. Mtu anayetembelewa anajulikana kuwa ana wenyewe. Askari humjua, wenzake humjua, na akiumwa kuna wa kuulizia. Asiyetembelewa hukosa sabuni, hukosa tarehe yake ya kesi, kisha hukosa hamu ya kuuliza. Nimemwona mahabusu aliyekaa miezi bila dhamana, na masharti yenyewe yalikuwa wadhamini wawili wenye barua za sheha. Ndugu zake walikuwa watano, wote mjini, kila mmoja anaona haya ya mwenzake. Hakuna aliyekwenda, kwa hiyo hakuna aliyejua kuwa kinachotakiwa ni karatasi mbili.

Kumtembelea si kusema kuwa hakukosa. Mama wa aliyeibiwa na mama wa mwizi wanaweza kuwa jirani mlango kwa mlango, na wote wawili wana haki ya kumpenda mtoto wao.

## Vitu, chakula na pesa

Naweza kumpelekea chakula?

Polisi, ndiyo, chakula cha nyumbani ni jambo la kawaida. Chuo, uliza kwanza getini, na useme wazi kama ni mahabusu au mwanafunzi. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema anayesubiri kesi anaweza kuletewa chakula kutoka nje kwa gharama yake, kupitia uongozi au jamaa zake, kwa kufuata utaratibu wa kituo, na anaweza kuvaa nguo zake mwenyewe. Kwa aliyehukumiwa mlango ni mwembamba zaidi.

Kikiruhusiwa, pika kikavu kisichochacha njiani. Wali wa nazi uliofungwa moto ukasubiri foleni mpaka mchana ni ugonjwa. Mkate wa kumimina, boflo au chapati ni salama zaidi. Na usishangae ukiambiwa uonje mbele ya askari.

Na vitu vingine?

Sabuni, mswaki, dawa ya meno, fulana, ndara, taulo, na kwa wanawake pedi. Msahafu na vitabu vya dini, uliza. Kila unachokabidhi kiandikwe, na siku ya pili muulize mwenyewe kama kimemfikia.

Anatumia dawa kila siku. Nifanyeje?

Usimpe mkononi. Zipeleke kwenye paketi yake, pamoja na cheti cha daktari, na uombe zikabidhiwe kwa mhudumu wa afya wa kituo. Kwa kisukari, presha, kifafa, pumu na dawa za kufubaza virusi, nenda siku ileile unayojua kaingia. Usisubiri siku ya kutembelea. Sema getini kuwa ni suala la dawa, omba kuonana na afisa wa zamu, andika jina lake.

Mtu kanipigia, anasema ni afande, nitume pesa kwa simu ili atolewe.

Usitume. Dhamana ya polisi haina malipo, na dhamana ya mahkama, ikiwa ni ya fedha, hulipwa kwa utaratibu wa mahkama na unapewa risiti. Huyo aliyepiga anaweza kuwa hajawahi hata kupita nje ya Chuo. Jina la mwanao kalisikia mahkamani kama walivyolisikia wengine wote. Kata simu, kisha nenda mwenyewe ukaulize.

## Kuwasiliana bila kuonana

Naweza kumpigia simu?

Mtu aliyeko ndani haruhusiwi kuwa na simu yake. Ukipigiwa na namba usiyoijua na ukasikia sauti yake kweli, jua kuwa kaazima simu kwa njia isiyo halali na anaweza kuadhibiwa. Ujumbe wa dharura, kama kifo au ugonjwa mkubwa, upitishe kwa uongozi wa kituo.

Barua je?

Barua ni njia nzuri na watu wameisahau. Andika majina yake matatu, kisha "kwa mkono wa Mkuu wa Chuo cha Mafunzo" na jina la kituo. Itafunguliwa na kusomwa, kwa hiyo iandike ukijua kuna msomaji wa pili. Andika kwa hati kubwa, na uiache bahasha wazi unapoikabidhi getini.

Mimi niko Maskati. Yeye yuko Wete. Nitafanya nini?

Chagua mtu mmoja, si watano, awe ndiye mwenye kwenda. Mtumie nauli kila mwezi na umtake akupe mambo mawili baada ya kila ziara: hali ya afya na tarehe ijayo ya kesi. Barua yako ataichapisha na kuipeleka. Nimeona hili likifanya kazi kuliko pesa nyingi zinazotumwa kwa kila mtu.

## Kesi yake

Nihudhurie mahkamani hata kama ni kuahirishwa tu?

Ndiyo. Ukumbini utamwona, na utasikia tarehe kwa masikio yako. Hakimu akiuliza wadhamini, kuna wa kusimama. Kuna makosa, kama mauaji na uhaini, ambayo sheria imeyafungia dhamana, kwa hiyo usilaumu wakili kabla hujajua shitaka.

Hatuna pesa za wakili.

Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018. Kituo cha Huduma za Sheria kipo tangu mwaka 1992 na kinatoa ushauri bure. Kwa wanawake na watoto kuna pia jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA. Muulize sheha msaidizi wa sheria aliye karibu nawe. Nenda na hati ya mashtaka na tarehe zote ulizoandika.

Amehukumiwa faini au kifungo, na tayari keshaingia. Tumechelewa?

Hamjachelewa. Nendeni kwa karani wa mahkama iliyomhukumu mkaombe kulipa. Lipeni kwa utaratibu wa serikali, chukueni risiti, na nakala ipelekwe Chuo siku hiyohiyo. Kuhusu rufaa, siku zinahesabika tangu hukumu isomwe, na aliyeko ndani anaweza kupeleka karatasi zake kupitia uongozi wa Chuo. Mwambie katika ziara ya kwanza baada ya hukumu.

Msamaha wa Rais tunauombaje?

Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa Rais wa Zanzibar uwezo wa kusamehe, na mara nyingi majina hutangazwa karibu na sherehe za Mapinduzi za tarehe 12 Januari. Familia inaweza kuandika barua, lakini kinachobeba uzito ni tabia yake ndani, umri, ugonjwa na kosa lenyewe. Yeyote anayedai pesa ili aingize jina, mhesabu pamoja na yule mpiga simu wa hapo juu.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Kahamishwa, na hakuna aliyetwambia.

Ana haki ya kuijulisha familia yake. Nendeni kituo alichokuwepo, mkaombe kuandikiwa alikopelekwa. Akivushwa kutoka Pemba kuja Unguja, nauli ya boti ndiyo inayowakata wengi miguu. Hapo ziara moja iliyopangwa vizuri, siku ya kesi, mkamwona mahkamani na siku ya kutembelea kituoni, ni bora kuliko tatu za kubahatisha.

Kuna walioshikiliwa Bara, ambako ni Jeshi la Magereza, na utaratibu wake ni mwingine kabisa. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa Dar es Salaam miaka kadhaa mpaka walipoachiwa Juni 2021, na jamaa zao huku visiwani walilazimika kuvuka bahari ili kuwaona.

Ni mtoto wa miaka 16.

Sheria ya Mtoto ya 2011 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Asichanganywe na watu wazima. Peleka cheti cha kuzaliwa polisi siku ya kwanza, kwa sababu umri ukiandikwa vibaya pale kaunta, kosa hilo humfuata mpaka Chuo. Mwite afisa wa ustawi wa jamii mara moja.

Ni mgeni, si Mtanzania.

Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa haki ya kuwasiliana na ubalozi au ubalozi mdogo wa nchi yake. Aombe mwenyewe, na nyinyi mkumbusheni afisa.

Anasema anapigwa, au wamemzuia asitembelewe kama adhabu.

Kanuni za Mandela, ya 43, zinakataza kumnyima mtu mawasiliano na familia yake iwe ndiyo adhabu. Kinachoweza kufanyika ni kuyapunguza kwa muda maalum, kwa sababu ya usalama. Andika tarehe, ulichokiona, alichokwambia. Muone kwanza mkuu wa kituo, mwambie hakimu siku ya kesi, kisha peleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina ofisi Zanzibar. Usipige kelele getini, hata ukiwa na haki. Anayebaki ndani usiku huo ni yeye.

Nataka talaka, au saini yake kwa ajili ya watoto.

Karatasi hupitia kwa mkuu wa kituo, na saini hufanyika mbele ya afisa. Mwanamke anayetaka kuomba faskhi, yaani ndoa ivunjwe na kadhi, milango ya Mahkama ya Kadhi iko wazi kwake hata mume akiwa ndani. Muulize karani wa kadhi wa wilaya yako.

Baba yake kafariki alfajiri hii. Ataruhusiwa kuja kuzika?

Kanuni za Mandela zinasema aruhusiwe, akiwa na ulinzi au peke yake, kila hali inaporuhusu. Uamuzi ni wa uongozi, na tatizo letu ni muda: maiti ya alfajiri huzikwa baada ya adhuhuri. Kwa hiyo mtu mmoja asishughulike na sanda wala kaburi. Aende kwa sheha kabla jua halijapanda, achukue barua yenye jina la marehemu, saa ya mazishi na msikiti, kisha aende moja kwa moja kituoni, aombe kuonana na mkuu au msaidizi wake.

Wakikataa, usirudi bila kuomba jambo la pili: wewe ndugu yake uruhusiwe kumwambia mwenyewe, siku hiyo, hata dakika tano. Mjulishe nani aliyemkosha marehemu, nani aliyeingia kaburini kumpokea, na mahali alipolazwa, kulia au kushoto mwa nani. Atakuuliza hayo.